Kutoka Kando ya Uwanja Hadi Kiti cha Mkurugenzi: Kazi Mbili za Kocha wa Futiboli ya Vyuo Marekani

Mkenya Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya kitaifa ya vyuo akiwa Chuo Kikuu cha Oregon. Kabla yake Sally Kipyego alikuwa ametwaa 9 akiwa Texas Tech, na mwaka 1978 Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Ukifungua hesabu za idara za michezo katika vyuo vikubwa vya namna hiyo, utakuta kwamba riadha haiingizi kitu cha maana. Ada ya mkimbiaji, chumba chake, chakula chake na tiketi zake za ndege hulipwa kwa sehemu kubwa na pesa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mpira wenye umbo la yai.

Anayeamua pesa hiyo igawanywe vipi ni mkurugenzi wa michezo wa chuo. Kwa miongo mingi kiti hicho kilikaliwa na watu waliokuwa makocha wa futiboli, na wengine walikikalia huku bado wanafundisha. Ni kama kocha wa Simba au Gor Mahia akabidhiwe klabu nzima, kisha aongezewe timu ya wanawake, waogeleaji, wanariadha, mpira wa wavu na magongo ya barafuni, na aambiwe hakikisha wote wanakula. Kwa nini wakabidhi hivyo? Na kazi ya kwanza inamwandaa vipi mtu kwa ya pili? Mfano unaofaa zaidi kufuatwa ni wa Barry Alvarez wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyekuwa kocha kuanzia 1990 hadi msimu wa 2005, na mkurugenzi kuanzia 2004 hadi 2021.

Kocha anayesimamia makocha

Lazima kwanza tuone timu ilivyo. Uwanjani wapo watu 11 kila upande, lakini hawa 11 si walewale dakika zote. Kuna kikosi cha kushambulia, kikosi cha kulinda, na kikosi cha mipira ya kupigwa kwa mguu. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne kuusogeza yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikifanikiwa inapata mengine manne, ikishindwa inamwachia mpinzani. Kila jaribio huchukua sekunde chache tu, mchezo unasimama, makocha wanachagua mbinu inayofuata. Soka hutiririka na kocha anapiga kelele pembeni bila kusikika. Huku kila hatua ina amri yake kutoka nje.

Ndiyo maana timu moja huwa na wachezaji zaidi ya 100. Kwa miaka mingi, hadi mabadiliko ya 2025, vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kutoa ufadhili kamili wa masomo kwa wachezaji 85, na waliobaki walijilipia wenyewe. Chini ya kocha mkuu kuna mratibu wa ushambuliaji na mratibu wa ulinzi, na chini yao makocha wa kila nafasi: wa ukuta wa mbele, wa wapokeaji, wa mabeki, na kadhalika. Ongeza wataalamu wa mazoezi ya nguvu, madaktari, wachambuzi wa video, walimu wa kuwasaidia wachezaji masomo. Kocha mkuu wa chuo kikubwa mara nyingi hachagui mbinu yoyote siku ya mechi. Ameajiri watu wa kuchagua. Kazi yake ni kuwasimamia hao, kuzunguka majumbani kuwashawishi vijana na wazazi wao, kula chakula cha jioni na matajiri wanaochangia chuo, na kuzungumza na waandishi.

Muda nao unabana. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, zinasema mchezaji asilazimishwe shughuli za timu zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na apate siku moja ya kupumzika. Siku ya mechi inahesabiwa saa 3, hata kama kijana ameondoka hotelini asubuhi na kurudi usiku. Kocha hana kikomo kama hicho. Mechi ni Jumamosi. Jumapili wanatazama video ya jana na ya mpinzani ajaye, na Jumatatu mpango wa mechi lazima uwe umeshaanza kuchukua sura. Msaidizi anayelala ofisini si jambo la ajabu.

Ngazi na vidato vyake

Alvarez alizaliwa mwaka 1946 Langeloth, Pennsylvania, mji mdogo wa wafanyakazi. Alicheza ulinzi, nafasi ya nyuma ya ukuta wa mbele, Chuo Kikuu cha Nebraska chini ya Bob Devaney. Devaney mwenyewe alikuwa kocha na mkurugenzi wa michezo kwa pamoja, kwa hiyo kijana aliuona mfumo huu kwa macho yake akiwa na miaka 20.

Baada ya chuo alifundisha shule za sekondari za Nebraska na Iowa. Mwaka 1978 shule ya Mason City, Iowa, ikawa bingwa wa jimbo chini yake. Mwaka uliofuata Hayden Fry alimchukua kuwa msaidizi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Huko alikaa miaka minane, na benchi lile la Fry lilikuwa shule kwelikweli: lilipitiwa pia na Bill Snyder, aliyekuja kuifufua Kansas State, na Kirk Ferentz, aliyemrithi Fry mwenyewe. Mwaka 1987 Alvarez akahamia Notre Dame kwa Lou Holtz, mwaka uliofuata akawa mratibu wa ulinzi, na msimu huohuo wa 1988 Notre Dame ikashinda mechi zote 12 na ubingwa wa taifa. Januari 1990, akiwa na miaka 43, Wisconsin ikamwita.

Tazama muda. Ni zaidi ya miaka 20 tangu avue helmeti. Wanaokwama katika ngazi hii mara nyingi hukwama kwa sababu moja: waliajiriwa na bosi aliyekaribia kufukuzwa. Kocha mkuu akiondolewa, wasaidizi wake wote huondoka naye, familia zinafunga mizigo, watoto wanabadilishiwa shule. Msaidizi mwerevu hachagui mshahara. Anachagua bosi. Fry na Holtz walikuwa chaguo la mtu anayejua anakokwenda.

Wisconsin ilipokuwa chini kabisa

Timu aliyoikuta ilikuwa imeshinda mechi 6 kati ya 33 katika misimu mitatu. Uwanja wa Camp Randall, ulioko katikati ya mji wa Madison, ulikuwa na viti zaidi ya 75,000, na nyingi ya Jumamosi hizo karibu nusu yake vilikuwa vitupu. Tafsiri yake kifedha ni ya moja kwa moja: idara ya michezo ilikuwa na deni la karibu dola milioni 2. Mkuu wa chuo, Donna Shalala, alikuwa amemwita Pat Richter kuwa mkurugenzi wa michezo. Richter alikuwa mchezaji wa zamani wa chuo hichohicho, na wakati huo alikuwa ofisa wa utumishi katika kampuni ya nyama mjini Madison. Mambo mawili aliyofanya yanaeleza kiti hiki kuliko kitabu chochote. La kwanza, alimwajiri Alvarez. La pili, mwaka 1991 michezo mitano ilifutwa: besiboli, vitara (mchezo wa kushindana kwa upanga) vya wanaume na wanawake, na jimnastiki ya wanaume na wanawake. Hadi leo Wisconsin haina timu ya besiboli ya chuo. Futiboli ilianguka, wakaumia wapiga vitara ambao hawakukosa lolote.

Alvarez alianza kwa kushinda mechi 1 na kupoteza 10. Misimu miwili iliyofuata, kila msimu alishinda 5 na kupoteza 6. Hapa ndipo waajiri wengi huishiwa subira. Richter hakuishiwa.

Mpango wenyewe ulikuwa na mantiki ya kienyeji, na ndiyo sehemu ya kuvutia zaidi ya habari hii yote. Wisconsin ni jimbo la baridi kali na mashamba ya ng'ombe wa maziwa. Huwezi kumshawishi kijana mwenye mbio za swala kutoka Florida aje akae kwenye theluji miezi minne huku Miami wanamwita. Lakini jimbo lina vijana warefu, wazito, waliokua kwenye kazi za mikono. Alvarez aliamua kwamba kila kijana bora wa Wisconsin abaki Wisconsin, na kwamba timu ijengwe kuanzia ukuta wa mbele, wale watano wanaosimama mbele ya mpira na kusukuma. Kusukuma kunafundishika. Kijana wa kilo 110 akipewa miaka miwili ya kula vizuri, kunyanyua vyuma na kurudia mguu wa kwanza uende wapi na kiganja kitue wapi kifuani mwa mpinzani, anafika kilo 135 na anakuwa mtu wa kutegemewa akiwa na miaka 21. Mbio za asili hazipatikani hivyo, mtu huzaliwa nazo.

Jambo jingine lilikuwa kuwachukulia kwa uzito vijana wanaojilipia ada. Vyuo vingi huwatumia hao kama watu wa kugongwa mazoezini. Wisconsin ikawapa nafasi halisi ya kushindania namba na ahadi kwamba atakayeshinda atapewa ufadhili. Joe Panos, nahodha wa mwaka 1993, aliingia kwa mlango huo. Jim Leonhard pia, aliyekuja kucheza miaka kumi katika ligi ya kulipwa. Hata J.J. Watt, nyota wa baadaye wa ligi hiyo ya kulipwa, baada ya Alvarez kuacha kufundisha, alijiunga kwa kujilipia kwanza. Kwa chuo hii ilikuwa hesabu rahisi: nafasi za ufadhili zilikuwa 85, lakini ukiwa na vijana 20 wa kujilipia ambao watano wao wanacheza kama wenye ufadhili, una timu ya watu 90 kwa bei ya 85.

Mwaka 1993 matunda yalikuja. Timu ilimaliza ikiwa imeshinda 10, kupoteza 1 na sare 1. Mechi ya kuamua ilichezwa Tokyo, dhidi ya Michigan State, Wisconsin ikashinda 41–20. Siku ya Mwaka Mpya 1994 waliifunga UCLA 21–16 katika Rose Bowl, mechi kongwe kuliko zote za mwisho wa msimu. Chuo kilikuwa hakijacheza Rose Bowl tangu 1963, na katika mechi hiyo ya 1963 aliyekuwa akidaka mipira kwa Wisconsin ni Pat Richter.

Kisha akaja Ron Dayne kutoka New Jersey, mkimbiaji mwenye zaidi ya kilo 110 nyuma ya ukuta ule. Katika Rose Bowl ya 1999 dhidi ya UCLA alikimbia yadi 246, Wisconsin ikashinda 38–31. Mwaka uliofuata wakaishinda Stanford 17–9, na hakuna timu ya Big Ten, ligi ya Wisconsin, iliyokuwa imewahi kushinda Rose Bowl mbili mfululizo. Dayne alipata tuzo ya Heisman ya mwaka 1999, ile ya mchezaji bora wa vyuo. Uwanja ulijaa. Deni likawa historia.

Mambo yanapoharibika

Mafanikio huja na hatari zake, na mbili za Wisconsin zinaonyesha kazi ya kocha inapokutana na kazi ya msimamizi.

Tarehe 30 Oktoba 1993 Wisconsin iliishinda Michigan 13–10 nyumbani. Wanafunzi waliokaa upande mmoja wa uwanja waliteremka wote kwa pamoja kuingia uwanjani kushangilia. Chini kulikuwa na vyuma na uzio. Walio mbele walibanwa hapo, walio nyuma hawakuona kilichokuwa kikitokea wakaendelea kusukuma, vyuma vikalegea, watu wakaangukiana. Zaidi ya 70 waliumia. Hakuna aliyekufa, na wachezaji wenyewe walisaidia kuwavuta watu kutoka kwenye rundo. Kosa halikuwa furaha ya vijana. Uwanja ulikuwa umezoea viti vitupu kwa miaka, na njia zake za kutokea hazikuwa zimepangwa kwa umati ulioshinda. Ngazi, uzio, idadi ya walinzi, mlango upi ufunguliwe dakika ipi: mambo haya ni ya mkurugenzi wa michezo, na mashabiki huyakumbuka siku yanaposhindikana tu.

Jingine lilikuwa viatu. Kabla msimu wa 2000 haujaanza, ilibainika kwamba wachezaji walikuwa wamepata punguzo na mikopo ya viatu dukani, ambavyo wanafunzi wa kawaida hawakutangaziwa. Kanuni za NCAA zilikataza mwanamichezo kupewa faida yoyote ambayo mwanafunzi mwingine haipati. Wachezaji zaidi ya 20 wa futiboli walisimamishwa, kwa zamu, wengine mechi moja, wengine zaidi, ili timu isibaki bila watu siku moja. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni viatu tu. Lakini ndivyo kanuni zilivyokuwa wakati huo, na idara isiyo na mtu wa kupita madukani na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo akiuliza "hiki umekipata wapi?" lazima ije ikumbwe. Kila idara kubwa leo ina ofisi nzima ya utiifu wa kanuni, yenye wanasheria ndani yake.

Kiti cha mkurugenzi

Richter alipostaafu 2004, Alvarez akachukua nafasi yake na kwa misimu miwili akafanya kazi zote mbili. Mwishoni mwa msimu wa 2005 aliacha kufundisha, akiwa ameshinda mechi 118, rekodi ya chuo.

Wisconsin ina michezo 23. Inayoingiza pesa inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja: futiboli, mpira wa kikapu wa wanaume, na huko Madison kidogo magongo ya barafuni ya wanaume. Pesa inaingia kwa njia chache: haki za televisheni zinazouzwa na ligi na kugawanywa kwa vyuo wanachama, tiketi, michango ya matajiri, na kampuni za vifaa vya michezo. Kuna pia utaratibu ambao mgeni huushangaa. Ili upewe haki ya kununua tiketi ya msimu mahali pazuri, unatoa kwanza mchango kwa idara, kisha ndipo unanunua tiketi yenyewe. Unalipia foleni, halafu unalipia kiti.

Ratiba nayo ni biashara. Kila mechi ya nyumbani yenye watu 80,000 ni pesa nyingi, hivyo chuo kikubwa humlipa mdogo aje apigwe. Wakati mwingine mdogo anakataa kupigwa: mwaka 2007 Michigan iliilipa Appalachian State dola 400,000 ije kucheza Ann Arbor, na Michigan ikafungwa 34–32 mbele ya mashabiki zaidi ya 100,000.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972, inayoitwa Title IX, inakataza chuo kinachopokea pesa za serikali kubagua kwa jinsia. Katika michezo maana yake ni kwamba nafasi na ufadhili wa wanawake lazima uendane na wa wanaume. Futiboli peke yake ilikula nafasi 85 za wanaume, na haina mwenzake upande wa wanawake. Mkurugenzi analazimika kusawazisha kwa kuongeza michezo ya wanawake yenye watu wengi, ndiyo sababu vyuo vingi vina timu kubwa za wanawake za kupiga makasia, au kwa kupunguza michezo ya wanaume. Wanaolalamika kwamba sheria hii iliua mieleka na jimnastiki ya wanaume husahau kuitazama ile 85.

Lakini kazi inayompima mkurugenzi kuliko zote ni kuajiri makocha, na hapa uzoefu wa Alvarez ulimfaa na kumponza pia. Aliyemrithi futiboli alikuwa mratibu wake wa ulinzi, Bret Bielema, wa miaka 36. Bielema alishinda mechi 68 na kupoteza 24, akapeleka timu Rose Bowl mara tatu mfululizo. Desemba 2012, siku chache baada ya kuichapa Nebraska 70–31 katika fainali ya ligi, akaondoka kwenda Arkansas. Alilalamika hasa kwamba wasaidizi wake walikuwa wakichukuliwa na vyuo vilivyolipa zaidi. Wachezaji wakamwendea Alvarez, wakamwomba mwenyewe awaongoze Rose Bowl. Akiwa na miaka 66 akavaa tena kofia ya kocha. Stanford ikawafunga 20–14. Gary Andersen alikuja, akakaa misimu miwili, akaenda Oregon State mwishoni mwa 2014. Kilichomkera yeye kilikuwa viwango vya masomo: vijana aliowataka walikataliwa na ofisi ya udahili ya chuo. Alvarez akasimama tena kando ya uwanja, safari hii akaishinda Auburn 34–31 katika muda wa nyongeza.

Makocha wawili wameondoka kwa sababu mbili tofauti, na zote mbili zilikuwa mikononi mwa mkurugenzi au wakuu wake. Mishahara ya wasaidizi ingeweza kupandishwa. Viwango vya masomo havikupaswa kushushwa, na kwa hilo Wisconsin ilikuwa sahihi. Chaguo la tatu, Paul Chryst, alikuwa mtoto wa Madison aliyecheza chuoni hapo na kujua mipaka yake kabla ya kusaini. Alishinda mechi 67 na kupoteza 26.

Nje ya futiboli rekodi ya Alvarez ina pande zote. Bo Ryan, kocha wa kikapu aliyekuwepo kabla yake, alipostaafu katikati ya msimu Desemba 2015, msaidizi Greg Gard alipewa timu kwa muda, akapimwa miezi mitatu kazini, kisha akathibitishwa. Kelly Sheffield, aliyeajiriwa kufundisha mpira wa wavu wa wanawake, alitwaa ubingwa wa taifa Desemba 2021. Kwa upande mwingine, magongo ya barafuni ya wanaume yaliyumba miaka mingi, na Tony Granato aliyeletwa 2016 aliishia kuondolewa 2023. Jina kubwa na mapenzi kwa chuo havikutosha.

Wengine walivyofanya

Tom Osborne alishinda mechi 255 akiwa kocha wa Nebraska, akaenda bungeni Washington, akarudi kuwa mkurugenzi mwaka 2007. Vince Dooley alifanya hivyo Georgia, Frank Broyles Arkansas. Bo Schembechler alikuwa kocha na mkurugenzi wa Michigan mwaka 1989, kocha wake wa kikapu Bill Frieder alipokubali kazi Arizona State siku chache kabla ya mashindano ya taifa. Schembechler hakumruhusu kumalizia msimu. Alimpa msaidizi Steve Fisher timu, akisema Michigan itafundishwa na mtu wa Michigan. Fisher akatwaa ubingwa. Uamuzi wa namna hiyo, wa haraka na wa moyoni, ni tabia ya kocha. Siku hiyo ulifaulu.

Tennessee haukufaulu. Phillip Fulmer, kocha bingwa wa 1998, alifanywa mkurugenzi Desemba 2017, na papo hapo akamwajiri Jeremy Pruitt, mratibu ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu wa chuo. Januari 2021 Pruitt alifukuzwa kwa ukiukaji wa kanuni za kusajili wachezaji, na siku hiyohiyo Fulmer akatangaza kustaafu. Mwaka 2023 NCAA iliitoza Tennessee faini ya zaidi ya dola milioni 8. Kocha anapoajiri kocha, hutazama ubao na mbinu kwa jicho kali sana. Hatari ni kwamba asitazame vilevile faili la mtu.

Na kuna mikataba. Mkataba wa kocha mkuu leo una mshahara, marupurupu ya ushindi, fidia ambayo kocha atailipa akiondoka mapema, na fidia ambayo chuo kitailipa kikimfukuza. Kifungu cha kutazama kuliko vyote ni kile kinachomtaka kocha aliyefukuzwa atafute kazi nyingine, ili mshahara mpya upunguzwe kwenye fidia. Texas A&M walimpa Jimbo Fisher mkataba wenye dhamana kamili bila kifungu hicho, kisha wakauongeza hadi 2031. Walipomfukuza Novemba 2023 walidaiwa zaidi ya dola milioni 75. Tangu hapo vyuo vinapendelea kumpa kiti cha mkurugenzi mtu aliyekulia kwenye fedha, sheria na uchangishaji. Chris McIntosh, aliyemrithi Alvarez mwaka 2021, alicheza katika ukuta wa mbele wa Alvarez, lakini alifika kwenye kiti kwa njia ya ofisi, akiwa naibu wake.

Pesa inapogeuka njia

Julai 2021 wanamichezo wa vyuo waliruhusiwa kuuza majina na sura zao. Punguzo la viatu lililowasimamisha wale wa mwaka 2000 leo lingeweza kuwa mkataba wa tangazo. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu chuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza kwa chuo kizima. Katika vyuo vikubwa sehemu kubwa inaenda kwa futiboli. Ukomo wa ufadhili uliondolewa, badala yake ukawekwa ukomo wa idadi ya watu: futiboli 105, riadha 45 kwa kila jinsia, mbio za nyika 17.

Kijana wa Iten au Eldoret anayeandikiwa na kocha wa Marekani sasa anaingia katika hesabu hiyo. Nafasi yake inaweza kulipiwa yote, kwa sababu ukomo wa zamani wa ufadhili wa riadha haupo tena. Inaweza pia kufutwa, kwa sababu milioni 20.5 lazima zitoke mahali. Washington State, chuo cha Rono, kilitangaza mwaka huohuo wa 2025 kwamba kinaacha kuruka na kurusha, kinapunguza mbio fupi na za viunzi, na riadha yake itajikita kwenye mbio ndefu.